Siku 14 za kungoja zinanimaliza, na Jumamosi ya wiki ijayo kuna arobaini ya mtoto wa wifi yangu

FundiKimara (Ijumaa, saa 3 usiku)

Habari za usiku ndugu zangu. Ni msomaji wa kimyakimya humu kwa muda mrefu. Leo nimeamua kuandika kwa sababu nikianza kumsimulia mtu wa karibu, nitalia kabla sijafika mbali.

Nina miaka 33, fundi cherehani, nina fremu Kariakoo tunayochangia watatu, naishi Kimara Baruti. Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Lubumbashi, kwa hiyo kwa mwezi naweza kuwa naye siku nane, zikizidi sana kumi. Tuko kwenye ndoa mwaka wa nne. Tunatafuta mtoto miezi 28 sasa. Naihesabu.

Kinachonimaliza si kukosa peke yake, ni namna mwezi unavyokatika vipande viwili. Nusu ya kwanza niko sawa, nashona, nacheka na wateja, nakumbuka hata kupika. Yai likishapevuka, basi, hadi siku zangu zifike mimi si mtu. Chuchu zikiuma nasema ndiyo hii. Zikiacha kuuma nasema imeshindikana. Nikipita kituoni harufu ya samaki wa kukaanga ikanichefua, nimeshaanza kuhesabu atazaliwa mwezi gani.

Vipimo vya mkojo nanunua famasi ya mbali, maana ya Baruti wananijua. Nanunua vitatu kwa mpigo na navificha kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini, nimevifunga kwa kipande cha satini nyeupe. Mwezi uliopita nilipima siku ya tisa, ya kumi na ya kumi na mbili. Choo cha pale kazini kina dirisha dogo linalotazama ukuta wa jengo la pili. Nilisimama kwenye kile kimwanga nikakigeuza kikaratasi huku na huku mpaka nikaona mstari wa pili ambao haukuwepo. Nikakaa na mstari wangu huo dakika kama ishirini. Chini mteja anaulizia gauni lake la sendofu. Nikashuka nikampima kiuno, mkono unatetemeka mpaka akaniuliza kama nina malaria.

Halafu kuna daftari langu la oda. Lote ni majina ya watoto. Mama Nasra, kifua 40, kiuno 36. Mama Ibra, sketi mbili. Mama Pacha, kalipa nusu. Mteja mpya akitaka kuhifadhi namba yangu ananiuliza, "Na wewe mama nani?" Nasema andika Fundi. Nimeandikwa Fundi kwenye simu za watu sijui wangapi.

Kuhusu hospitali, nieleze kwa kifupi. Tulianzia zahanati moja ya binafsi, nikapewa vidonge vya kupevusha mayai miezi sita mfululizo bila mtu kuuliza kama nina mume wala kama mume amepimwa. Nikaondoka pale. Hospitali ya pili daktari alikataa kuniandikia chochote hadi tuje wote wawili. Nikapigwa picha ya mirija, iko wazi. Mayai yanapevuka vizuri. Mume wangu akapima mbegu: milioni 9 kwa mililita, na zinazokwenda mbele vizuri ni chache. Daktari akasema ni pungufu lakini si sifuri, turudie kipimo baada ya miezi mitatu. Hiyo ni miezi miwili iliyopita.

Tulipanda mwendokasi kurudi nyumbani, hatukusemeshana hadi Baruti. Usiku taa imezimwa akaniambia, "Nakuomba hili libaki humu ndani." Nikakubali. Nampenda, ningefanyaje.

Sasa mama mkwe anakaa Temeke, na kila nikienda ananishika tumbo. Ananipa mizizi kwenye chupa ya maji. Mwezi uliopita alinipeleka kwa mama mmoja anayekanda matumbo, nikalipa elfu ishirini yangu, nikakandwa nusu saa nzima natazama dari, najua kabisa tatizo haliko pale mikono yake ilipo. Sikusema.

Na sasa wifi yangu amejifungua. Arobaini ni Jumamosi ya wiki ijayo. Ameniomba nishone sare za wanawake wa familia, magauni saba, na mama mkwe ameshatangaza kwamba mimi ndiye nitakaa mbele nimpakate mtoto ili nami nifuate. Jumamosi hiyo nitakuwa siku ya 11 tangu yai lipevuke. Katikati ya kungoja kwenyewe.

Mwezi huu kuna na lingine. Mume wangu aliondoka Jumapili, yai likapevuka Jumanne. Tuligombana mlangoni, begi liko begani kwake, nilitaka aombe ofisini wamsogezee safari siku mbili, akasema mzigo hausubiri. Nina uhakika mwezi huu tumeshaupoteza. Na bado nangoja, na chuchu nimeshaanza kuzibonyeza.

Naombeni mliopitia mniambie, hizi siku 14 mnaziishije? Niende kwenye arobaini au nisiende? Na siri hii naibeba hadi lini? Msiniambie niache kuwaza ndipo nitapata. Nimeambiwa hivyo na kila mtu, na nimejaribu.

Mwali_Tabata (Ijumaa, saa 4 usiku)

Pole sana dada. Mimi nasema usiende. Mwaka jana nilijikaza nikaenda bebi shawa ya rafiki yangu Sinza nikiwa siku ya 12. Walipoanza ule mchezo wa kukisia ukubwa wa tumbo kwa utepe nikatoka kama naenda kupokea simu. Nikapanda bajaji, nikalia hadi Ubungo. Yule kijana akazima redio bila kuambiwa na hakuniuliza kitu, Mungu ambariki popote alipo. Shona sare, zitume Ijumaa, sema una oda ya harusi. Rafiki yangu hadi leo hajui kwa nini niliondoka, na urafiki upo.

Mdau_Halisi (Ijumaa, saa 5 usiku)

Dada kabla ya yote kasafishe kizazi. Kuna dawa ya kuweka chini siku tatu, uchafu wote unatoka, mwezi unaofuata unashika. Imemsaidia shemeji yangu. Ukitaka nikuelekeze.

Nesi_ZamuYaUsiku (Jumamosi, saa 2 asubuhi)

Nimetoka zamu nikakuta uzi huu, nimeshindwa kulala kabla sijajibu. Nina mwaka wa 17 kwenye kliniki ya wanawake hapa mjini.

Kwanza ndugu yangu hapo juu, najua unataka kusaidia, lakini kizazi hakisafishwi kwa kuweka kitu chini. Kile kinachotoka siku ya tatu na watu wakaambiwa ni uchafu, mara nyingi ni ngozi ya ndani iliyoungua. Tunawapokea mabinti hao. Maambukizi yakipanda juu yanaziba mirija. Mdogo wangu, wewe mirija yako iko wazi. Usimruhusu mtu aichezee.

Sasa hiyo Jumapili na Jumanne yenu. Yai likitoka linaishi kama siku moja tu, wakati mwingine hata saa 12. Lakini mbegu ikishaingia inaweza kukaa hai mwilini mwako hadi siku tano. Ndiyo maana siku zinazohesabiwa ni zile tano za kabla na ile ya yai lenyewe, na zenye nguvu zaidi ni mbili tatu za mwisho. Kama mlikutana Jumamosi usiku au Jumapili kabla hajaondoka, mwezi hamkuupoteza. Sikuambii hivi uanze kutumaini zaidi. Nakuambia ili uache kumkasirikia mtu aliye njiani kwa kosa ambalo hakulifanya. Mke wa dereva hahitaji kuvizia siku moja. Akiwa nyumbani, kila baada ya siku mbili inatosha, wala usiangalie kalenda mbele yake.

Chuchu. Yai likishatoka, mwili unatengeneza homoni iitwayo projesteroni, mimba iwepo isiwepo. Projesteroni ndiyo inayouma kwenye matiti, inayojaza tumbo, inayokuletea usingizi na hasira. Ukiona dalili hizo siku ya sita au ya nane hazikuambii ndiyo wala hapana. Mwili haukudanganyi, ila nao haujapata habari bado. Kipimo ni vilevile. Mimba hujishikiza kwenye mji wa mimba kati ya siku ya 6 na ya 12 hivi baada ya yai kutoka, na homoni inayotafutwa na kile kikaratasi huanza kupanda baada ya hapo. Siku ya tisa unakiuliza swali lisilo na jibu bado. Hivyo vipimo vya kwenye satini, mpe mwenzako mmoja wa pale fremu akushikie. Mwambie asikupe hadi siku zako zichelewe, hata ukimlilia. Ninao wagonjwa wanaofanya hivyo na inawasaidia kuliko dawa yoyote ya usingizi.

Hili la "acha kuwaza utapata" linaniuma kwa sababu hata baadhi yetu wahudumu tunalisema. Mwaka 2011 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilitoa uchambuzi wa tafiti 14, jumla wanawake 3,583, waliokuwa wanatibiwa kwa njia kama ya kupandikiza mimba. Waliangalia hali zao za moyo kabla ya matibabu, nani ana wasiwasi, nani ana huzuni, nani ametulia, kisha wakaangalia nani alipata mimba. Huzuni na wasiwasi havikuwatofautisha waliopata na waliokosa. Kwa hiyo mdogo wangu, machozi yako ya chooni hayajamfukuza mtoto yeyote. Utulivu ninaokutakia ni kwa ajili yako, kwa sababu unaumia na hupaswi kuumia hivi. Si masharti ya kupata mimba. Nimeona wanawake wakiomba msamaha kwa kulia mbele yangu, wanadhani wameharibu mwezi.

Kuhusu mumeo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unaweka mpaka wa chini kuwa milioni 16 kwa mililita. Milioni 9 iko chini ya hapo, na watu wa milioni 9 wanapata watoto, ila inachukua muda zaidi. Mbegu inatengenezwa kwa siku 70 na kitu, ndiyo sababu ya ile miezi mitatu. Kabla ya kurudia kipimo akae bila tendo siku mbili hadi saba, si zaidi. Sigara aache. Joto la muda mrefu sehemu zile halimsaidii, na yeye amekalia injini kutwa, kwa hiyo suruali isimbane na kila akisimama ashuke atembee. Aombe daktari amwangalie kama hana mishipa iliyovimba kwenye korodani, hiyo ipo sana na inatibika. Na zile dawa za nguvu za kiume zinazouzwa njiani asiguse.

Mwambie pia hayuko peke yake. Shirika hilohilo lilitoa ripoti Aprili 2023: karibu mtu 1 kati ya 6 duniani hukutana na tatizo hili katika maisha yake. Na katika ndoa zinazokuja kwetu, karibu nusu upande wa mwanaume una mchango. Kwenye benchi letu wanakaa wanawake watupu.

Spana_Tandika (Jumamosi, saa 6 mchana)

Dada yangu, mimi ni huyo mume wako, ila wa nyumba nyingine.

Ni fundi magari. Majibu yangu yalikuwa mabaya kuliko ya shemeji, kwangu haikuonekana hata mbegu moja. Mke wangu alinifichia miaka mitatu. Alikunywa mizizi ya mama yangu, usiku anatapika, mimi namshikia ndoo, na bado sisemi. Naandika hivi najionea aibu lakini naandika.

Kilichonifungua mdomo ni mama kuniletea habari za binti wa Mkuranga, kwamba nioe wa pili. Jumapili nikavuka na pantoni kwenda kwake Kigamboni. Nikamkuta uani, amekalia mbuzi anakuna nazi. Nikasema hukuhuku nimesimama, maana nikikaa nitaahirisha. Nikamwambia, "Mama, mwenye tatizo ni mimi. Mke wangu hana kitu. Karatasi hii hapa."

Mkono wake ukasimama. Kile kifuu kikabaki kimeegemea meno ya mbuzi. Alikaa hivyo mpaka nikadhani hakunisikia. Kisha akaniuliza, "Sasa ile mizizi alikuwa anakunywa ya nini?"

Sikuwa na jibu. Hadi leo sina.

Jioni alivuka na mimi. Hakutaja samahani, mama zetu wa pwani unawajua. Alitoa doti ya kanga kwenye mfuko, akamfunika mke wangu mabegani kwa mkono wake, halafu akaingia jikoni anauliza chumvi inawekwa wapi. Mke wangu akatoka nje akakaa kwenye ngazi analia, na mimi nikakaa naye.

Mtoto hatuna hadi leo ninapoandika. Tumeanza kwenda Ustawi wa Jamii kuuliza taratibu za kuasili. Lakini mke wangu sasa anakwenda Kigamboni peke yake, bila mimi, na anachelewa kurudi.

Usimseme mumeo kwa mama yake, hilo ni lake alitoe mwenyewe. Ila mwonyeshe hiki nilichoandika. Mwambie kuna mtu Tandika aliogopa miaka mitatu maneno ambayo kuyasema hakukuchukua hata dakika moja.

FundiKimara (Jumamosi, saa 2 usiku)

Dada nesi, nimesoma mara tatu. Tulikutana Jumamosi usiku. Nimempigia mume wangu, yuko Zambia tayari, mtandao unakatika, nikamwambia tu, "Kuhusu mlangoni siku ile, nilikosea." Akauliza kuna nini, nikasema hakuna, endesha pole pole.

Vipimo nimempa mwenzangu anayeshona suti. Hakuniuliza, akavitia kwenye kopo lake la vifungo akalifunga na gundi ya karatasi.

Kaka wa Tandika, nimekusoma nikiwa nimesimama kwenye mwendokasi, nikapitiliza kituo. Mwambie mkeo kuna mwenzake Kimara anamsalimu.

Shangazi_Magomeni (Jumapili, saa 4 asubuhi)

Mwanangu, mimi nina miaka 54 na sikujaliwa. Ya hospitali wamesema wenyewe, mimi nasema ya arobaini.

Binti wa Tabata kakuambia usiende, na kwake ilikuwa shughuli ya rafiki. Wewe hii ni ya ukweni. Usipokwenda litasemwa mwezi mzima na wewe utalisikia hukohuko Kimara, ukalie mara mbili. Nenda, lakini usiende kukaa mbele. Nenda mapema kabla jua halijawa kali, ingia jikoni, omba vitunguu. Shughuli ya watu mia inahitaji ndoo nzima ya vitunguu vya pilau na hakuna anayevigombania. Hapo utalia hadi moyo utulie na hakuna wa kukuuliza una nini. Nimefanya hivyo miaka mingi, Magomeni wananijua kwa kukata vitunguu vyembamba, wakiwa na shughuli wananitumia mtoto aje kuniita.

Mtoto akitolewa, ukijisikia kumpakata utanawa. Usipojisikia, mikono yako ina vitunguu, hakuna mzazi atakayekupa mtoto mchanga. Na panga na mtu akupigie saa nane, uwe na sababu ya kuondoka. Shughuli inachosha mwisho, watu wakishashiba ndipo maswali yanaanza.

Hiyo ya kupakata ili ufuate, nimepakata watoto wa mtaa mzima mwanangu. Sikufuata. Ila mmoja wao wiki iliyopita kanibadilishia mtungi wa gesi, kaubeba mwenyewe hadi jikoni, na ananiita mama mbele ya mama yake. Nilikuwa sijui kwamba nilikuwa nampakata huyo.

Hizo siku 14 zangu mimi nilizipa kazi ya mikono ambayo haiwezi kufanywa na mtu anayewaza kwingine. Nilikuwa nadarizi kofia. Tundu moja ukikosea unafumua safu nzima. Wewe fundi, shona kitu kigumu siku hizo, rahisi kiache cha nusu ya kwanza.

FundiKimara (Jumatano ya wiki iliyofuata ile ya arobaini, saa 4 usiku)

Nimerudi kama nilivyoahidi moyoni.

Shangazi, niliyatunza magauni ya arobaini kwa siku hizo. Nikayatia marinda madogomadogo kifuani ambayo hakuna aliyeyaomba, kila gauni marinda 24. Jumatatu hadi Alhamisi sikuibonyeza chuchu hata mara moja mchana. Usiku ndiyo, sitadanganya.

Jumatano mume wangu alifika Tunduma, yuko kwenye foleni ya kurudi. Nikamtumia maneno ya kaka wa Tandika. Tiki zikawa buluu, kisha kimya. Saa nzima na nusu. Nikajilaumu, nikasema nimemvunja mtu akiwa njiani. Akapiga saa sita usiku. Hakunisalimia. Akauliza swali lilelile la mama wa Kigamboni, "Na wewe ile mizizi unakunywa?"

Nikamwambia tangu majibu yatoke naimwaga chini ya mpapai, ila chupa ya mwisho mama alinisimamia, nikainywa mbele yake. Nikawa nasikia injini za malori na mtu anauza mayai. Akasema, "Nisamehe." Miaka minne sijawahi kulisikia neno hilo kwake, kwa jambo lolote.

Jumamosi nikafika Temeke saa moja asubuhi, nikaomba vitunguu. Walikuwepo wanawake wawili, wakanisogezea ndoo wakafurahi. Nikakata. Nikalia kweli, shangazi, kamasi mpaka mdomoni, na yule wa pembeni yangu analia kuliko mimi, naye sijui ana lipi.

Saa nne hivi mama mkwe akaja na kigoda chake. Akakaa kando yangu, akachukua kisu. Tukakata pamoja, hatusemi. Nikawa nasubiri mkono uje tumboni. Haukuja. Kitunguu cha tatu au cha nne akasema, macho yake yakiwa kwenye sinia, "Amenipigia alfajiri."

Nikaitika, "Naam mama."

Akakata kingine. Akauliza, "Yule mama wa kukanda ulimpa shilingi ngapi?" Nikamwambia elfu ishirini. Akaweka kisu chini, akafungua fundo la kanga kiunoni, akatoa noti nne za elfu tano zimekunjwa ndogo kabisa. Alikuwa ameziandaa. Akanitia kiganjani, akanifumba vidole kwa mkono wake, akaendelea na kitunguu. Zile noti ninazo, nimeziweka kwenye droo ya cherehani pale palipokuwa na satini. Zinanuka vitunguu.

Aliyekaa mbele na mtoto alikuwa mama mkwe mwenyewe. Mimi nilimpakata baadaye chumbani, nimenawa kwa ndimu, tuko wawili na wifi. Ana nywele nyingi na anakunja uso kama mjomba wake akiwa na usingizi. Saa nane mwenzangu wa suti akanipigia kama tulivyopanga. Nikamwambia sina haraka, nikaondoka saa kumi.

Jana Jumanne siku zangu zimeingia. Alfajiri. Niliamka mgongo unauma nikajua kabla sijawasha taa. Kopo la vifungo halijafunguliwa, sikumdai. Niliumia, tena sana, maana baada ya yale ya Jumamosi nilikuwa nimejenga kitu moyoni, kwamba sasa ndiyo zamu yetu. Dada nesi, nilitaka kuandika kwamba nilikuwa mtulivu. Sikuwa. Nilipiga mto ngumi. Lakini sikujiuliza nimekosea wapi mwezi huu, na hilo miezi 28 haijawahi kutokea.

Mume wangu alikuwa Makambako. Alisimamisha gari, tukakaa kwenye simu hatuongei mengi mpaka salio lake likaisha, nikampigia mimi. Kipimo chake cha pili ni wiki ya pili ya mwezi ujao, ameshaomba ofisini siku nne na safari hii hakusubiri nimwambie. Nitarudi na namba.

Fremu nimefungua saa tano badala ya saa mbili. Mama Pacha alikuwa ameketi mlangoni na kitambaa chake mapajani, ananisubiri.